Kamera Ndogo ya Dada Mizani

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: mimi nina hasira za karibu. Mke wangu anasema nikichemka, birika linaona haya. Na majivuno ninayo, sikatai. Miaka kumi na minane napiga picha za harusi, na mjini humu watu wananiita Mzinga kwa sababu ya lenzi yangu, nene kama chupa ya chai. Bibi harusi akiiona tu anajua kazi imefika. Kwa hiyo mkinisikia namsifu mpiga picha mwingine, jueni nimelazimika.

Mtu mwenyewe ni Dada Mizani.

Alikuwa anasimama kaunta kwenye duka la kukodisha kamera, mtaa wa nyuma ya benki, kati ya fundi saa na muuza mapazia. Duka lenyewe jembamba. Wakiingia wateja wawili, wa tatu anasubiri barazani. Juu ya kaunta palikuwa na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Ukitaka kukodi kamera, kabla hajakuandikia chochote, anaichukua na lenzi yake na betri ndani, anaiweka juu ya mizani, anakusomea uzito. Halafu anakuuliza, "Hiyo harusi inaanza saa ngapi, inakwisha saa ngapi?"

Unamjibu.

"Basi hiki ndicho utakachokining'iniza shingoni saa tisa nzima. Bado unakitaka?"

Wengine walikuwa wanakasirika. Mimi nilikasirika mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nani kakuomba ushauri, bibie? Nipe kamera, nenda zako! Lakini hakuwa anajali. Alikuwa na swali lake jingine ambalo hakuna aliyelikwepa: "Unampiga nani, na nani ataitazama hiyo picha?" Usipojibu, hupewi. Unaweza kupiga meza, unaweza kumwita mwenye duka, hupewi.

Siku moja aliingia mwalimu wa sayansi akitaka kamera kubwa kuliko zote, eti anakwenda kupiga picha za siafu. Dada Mizani akamletea ya ukubwa wa kati na lenzi fupi ya vitu vidogo. "Mwalimu, siafu hawajali kamera yako ni kubwa kiasi gani. Wanajali kivuli. Ukija na dude lile utawafunika wakimbie, ubaki unapiga picha ya udongo." Mama mmoja muuza keki alipewa yenye kioo kinachogeuka, kwa sababu keki hupigwa kutoka juu na mama mwenyewe alikuwa mfupi. "Uione picha bila kupanda stuli, mama. Usije ukaangukia keki ya watu." Mwanahabari akapewa ile isiyoogopa mvua wala vumbi. Na bibi mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kuwaona wajukuu zake akakatazwa kabisa kamera aliyoandikiwa na mkwewe. Akapewa ya kuingia mfukoni, yenye kuvuta cha mbali kikawa karibu. "Bibi, ile utaibeba siku ya kwanza, siku ya pili itabaki kitandani."

Alijifunzia wapi? Hapohapo. Aliajiriwa kufagia. Wateja walikuwa wanatupa vile vijitabu vya maelekezo, yeye anaviokota, anasoma wakati wa chakula, ukurasa kwa ukurasa, huku ameshika kamera yenyewe. Baada ya miaka miwili mwenye duka alikuwa anamwita yeye kutoka kwenye ufagio aje amweleze mteja. Kamera ikirudi aliigeuzageuza mkononi na kukusomea tabia zako: "Kitufe hiki umekisugua, hiki hujakigusa tangu uzaliwe." Na kweli ulikuwa hujakigusa.

Ila sasa, katika miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kumwajiri apige picha. Hata moja. Alikuwa kama mshonaji wa magauni ya harusi asiyealikwa harusini. Sisi wapigaji tulimwona mtu wa kaunta, tukambania hapohapo. Na yeye hakulalamika, jambo ambalo nilidhani maana yake ni kwamba hataki.

Basi mwaka huu mwenye duka akatangaza kwamba kukodisha kamera hakulipi tena, watu wote wana simu, na mwisho wa mwezi duka litageuzwa kuwa la makava ya simu. Wauzaji wake wapya amekwisha wapata. Dada Mizani ana miaka hamsini na miwili. Mumewe alishafariki, watoto wake wawili wakubwa wana maisha yao, kitindamimba wake yuko chuoni. Aliambiwa habari hiyo asubuhi, akajibu "sawa," akaendelea kufuta vioo. Mimi nilikuwepo. Nilimwonea huruma, halafu nikaomba punguzo la kamera ya akiba. Ndivyo nilivyo.

Wiki hiyohiyo akaja Sista. Ni muuguzi mkuu wa wadi ya watoto njiti katika hospitali kubwa, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwanamke mnene, mpole, anaongea kwa sauti ya chini hata akiwa barabarani. Nadhani wadi imemzoesha. Dukani tulikuwa wawili, mimi na Mwewe. Mwewe anapiga picha za ndege na mpira, kamera yake inapiga ishirini kwa sekunde moja, na hutaongea naye dakika mbili kabla hajakukumbusha.

Sista akaeleza shida yake. Watoto wake wanakaa kwenye masanduku ya kioo yenye joto, ghorofa ya chini. Mama zao, wengi wamepasuliwa, wamelala ghorofa ya tatu na hawawezi kushuka. Kuna mama anakaa siku nne, kuna anayekaa wiki nzima, hajauona uso wa mwanawe. Ndugu walikuwa wanaingia na simu kumpigia picha, wakaleta vijidudu na mimweko ya flashi mpaka wakapigwa marufuku. "Sasa hospitali imekubali kuajiri mtu mmoja," akasema. "Aje kila siku, ampige kila mtoto, ampelekee mama yake picha kitandani. Nimekuja kuuliza tununue kamera gani."

"Sista, msinunue kitu," nikadakia. "Kamera hii hapa, na mpigaji huyu hapa."

"Na mwingine huyu," akasema Mwewe.

Dada Mizani akaweka kitambaa chake chini. "Na mimi naomba."

Tulicheka. Sitajificha, nilicheka mpaka nikashika kaunta. "Dada Mizani! Muuza sufuria si mpishi!"

"Kweli kabisa," akasema bila kunitazama. "Lakini anajua ipi inaunguza."

Sista hakucheka. Alisema tuje wote watatu Alhamisi asubuhi. Kila mmoja saa moja, kila mmoja mtoto wake, mama zao watakuwa wameridhia. Hakuna flashi, hakuna kelele, hakuna kugusa kioo. Picha zitapelekwa juu, mama waseme wenyewe. Alipotoka, Dada Mizani alibaki ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nilimtania, "Umeshaogopa?"

"Mzinga," akaniambia, "hii kazi naitaka. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizikwe kwenye duka hili. Na nitaipata. Sasa toka, nifunge."

Kesho yake nikapita pale, nasema napita, kumbe nakwenda kuchungulia. Nikakuta ametoa kamera nne, amezipanga juu ya kaunta, amevaa miwani. Ya kwanza dada wa ile yangu. Ya pili kama ya Mwewe. Ya tatu ya wale wapiga video. Ya nne kikamera kidogo ambacho mimi ningempa mtoto achezee.

"Usiniambie unachukua hicho," nikasema.

"Ndicho."

Nikamwambia ana wazimu. Nikamkumbusha asichohitaji kukumbushwa, kwamba ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga. Cha kwangu ni kikubwa kama stempu ya barua, cha hicho kidude ni kama ukucha wa kidole gumba. Penye giza, kikubwa kinakunywa mwanga, kidogo kinakupa chengachenga. Na zaidi ya hayo, kikubwa ukikifungulia lenzi kama yangu, unachagua kitu kimoja kiwe wazi, vyote vingine vinayeyuka kama siagi. Uzuri wa picha za Mzinga ndio huo! Watu wananililia kwa huo!

"Najua," akasema. "Kidogo hakiyeyushi."

"Basi ndio ubaya wake."

"Inategemea nani ataitazama." Akaiweka ndogo juu ya mizani, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikaondoka nimenuna. Siku zote alikuwa na namna ya kukubaliana na wewe na ukatoka umeshindwa.

Mambo aliyoyafanya siku zile nyingine nilikuja kuyasikia kwa binti yake, yule wa chuoni. Alijifunga kibwebwe hasa. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akamtafuta fundi umeme, akamuuliza taa za wadi ni za aina gani. Akapanda ghorofa ya tatu, akaomba ruhusa, akakaa na mama mmojammoja. Nyumbani akaazima tangi la samaki la jirani, tupu, akalaza ndani yake mwanasesere wa zamani wa binti yake, akazima taa zote akabakiza moja, akawa anapiga picha kupitia kioo kutwa nzima. Akagundua kwamba nguo nyeupe inajionyesha kwenye kioo, akabadilisha. Binti akamwambia, "Mama, majirani wameanza kuuliza kuna nini." Akajibiwa, "Waambie mama yako anasoma."

Alhamisi ikafika. Tukanawa mikono mpaka viwikoni, tukavalishwa magauni ya hospitali. Sisi tulichukua yale meupe yaliyotundikwa mlangoni. Dada Mizani aliomba la bluu iliyoiva, la chumba cha upasuaji, na nikamuuliza kama anakwenda kupasua mtu.

Mwewe aliingia kwanza. Akabonyeza mara moja, ta-ta-ta-ta-ta, na ndani ya sanduku mtoto akarusha mikono yote, mashine iliyo kando yake ikaanza kulia. Sista akaja mbio. Mwewe akaomba radhi, akahamia kwenye ile njia ya kimya ambayo kamera haitoi sauti. Akapiga mamia. Alipotoka akawasha kioo cha kamera kutuonyesha, na jamani, kila picha imepigwa mistari, giza na mwanga, giza na mwanga, kama mkeka. Taa za wadi zinapepesa. Jicho la mtu halioni, lakini kamera ikienda mbio kwenye njia ya kimya inaona. Mwewe akazifuta moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Akamwambia Sista kwamba amejitoa, akakaa kwenye benchi la korido.

Mimi nikaingia na mzinga wangu. Sikukimbia; nilipiga moja, natulia, napiga moja. Sauti yake kacha, lakini nilikuwa nimeizungushia kitambaa. Mtoto wa kike, mdogo sijapata kuona, amelala ubavu, kamkono kamoja kapo shavuni. Nikafungua lenzi yote. Nikashika ukope. Ukope mmoja, mabwana! Mipira ya mashine ikayeyuka, plasta ikayeyuka, kioo kikayeyuka, akabaki uso mtupu unaoelea kwenye mwanga wa dhahabu. Nilipomwonyesha Sista alishika kifua. "Huyu si mgonjwa tena," akasema, "huyu ni malaika." Nikampita Dada Mizani mlangoni nikiwa nimepanua mabega.

Yeye alimaliza saa yake nzima mle ndani na nadhani hakubonyeza hata mara ishirini. Kupitia dirisha nilimwona amesimama tu, ameinama, anangoja. Picha yake ilipotoka kwenye mashine ya kuchapia nilijizuia kucheka kwa heshima ya mahali. Mtoto alikuwa wa kiume, chali, mikono wazi. Mipira yote inaonekana. Plasta ya puani inaonekana. Lebo ya mguuni inaonekana mpaka namba. Na chengachenga juu yake, kama nilivyosema! Picha ya kitambulisho. Nikajisemea, Mzinga, kazi umeipata.

Tukapanda juu, Sista mbele. Chumba cha vitanda sita, madirisha marefu, harufu ya dawa na sabuni. Mama wa mtoto wangu alikuwa kitanda cha pili, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, nywele zimefungwa kitambaa. Hii ilikuwa siku yake ya tano. Sista akamkabidhi picha. Mimi nikasogea niuone uso wake vizuri. Furaha ya wateja ndiyo mshahara wangu wa pili.

Akatabasamu. Akaigusa. Halafu tabasamu likasimama. Akaisogeza karibu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza hata nyuma ya karatasi.

"Mkono wake mwingine uko wapi?"

"Upo, mama," nikasema. "Uko kwa nyuma. Umefifia tu."

"Umefifia?"

"Ni mtindo, mama. Ni uzuri wa picha. Kile cha nyuma—"

"Kwa nini mkono wa mwanangu umefifia?" Sauti ilikuwa imepanda. "Na huu mwingine mbona vidole viwili tu? Sista, mnanificha nini?"

Sista akamshika bega. "Mwanao ana mikono miwili na vidole vyote. Nimembadilisha nepi mwenyewe asubuhi."

"Na uzazi uliopita mliniambia mtoto ni mzima!" akasema yule mama, akaanza kuteremsha miguu kitandani, na mshono wake wa siku tano. "Mara ile mliniambia hivyohivyo! Nishusheni nikamwone mwenyewe!"

Wauguzi wawili wakaja kumrudisha. Alikuwa analia kwa sauti na ile picha yangu imekunjamana mkononi mwake. Katika maisha yangu watu wamelia mbele ya picha zangu mara nyingi na mimi nimefurahi kila mara. Siku hiyo nilitamani sakafu ya hospitali ipasuke. Nikageuka pembeni nisitazame, na pembeni ndipo nilipomwona yule mama mwingine, wa kitanda cha tano, mwenye picha ya Dada Mizani. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili, hasikii kelele zetu. Midomo yake inachezacheza. Alikuwa anahesabu vidole.

Mabwana, mimi ni mbishi, lakini si mjinga. Nilishuka zile ngazi mbilimbili.

Dada Mizani alikuwa koridoni kwenye benchi, kando ya Mwewe, kamera mapajani. Hakupanda juu nasi. Alisema hawezi kusimama akiangalia. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Na nikiwa naeleza nikawa najua vizuri ninachokifanya: akikaa kimya pale alipo, ameshinda. Mama wa picha yake anafurahi, mama wa picha yangu analia, hesabu imefungwa. Hakuhitaji kuinua hata kidole.

"Ulijuaje?" nikamuuliza. "Na wewe ulizaa njiti?"

"Mimi? Wangu wote walitoka wanene na kelele zao." Alikuwa amekwisha simama. "Niliwauliza mama zao wanataka kuona nini. Hakuna aliyesema uso. Kwanza vidole, pili kifua kama kinapanda. Walidhani nitawacheka. Haya, nawa mikono tena."

"Niende mimi?"

"Mtoto ni wako. Ulimpunguzia wewe, mrudishie wewe." Akanitia kile kikamera mkononi. Kilikuwa chepesi mno, nikaogopa kukivunja. "Na usidhani kamera yako haikuweza. Ungelipunguza tundu la lenzi ungepata vyote. Hukutaka tu. Ila hii haitamwamsha."

Sista alikuwa ameshuka nyuma yangu. Alitusikia, akafungua mlango.

Basi nikasimama tena mbele ya lile sanduku, mimi Mzinga, na gauni la bluu aliloniachia, nimeinama na kitu cha ukubwa wa sabuni ya kuogea. Yeye nyuma ya bega langu, ananong'ona. Sogea kushoto, taa inajionyesha kwenye kioo. Punguza kasi, usiletewe mistari kama mwenzako. Usishike jicho, shika hapo katikati ya kifua na mkono. Sasa ngoja.

"Ngoja nini?"

"Mkono wa pili uko chini ya kitambaa. Autoe mwenyewe."

Tukangoja. Harusini mimi singoji, harusini nasema "bibi harusi, huku!" na bibi harusi anageuka. Yule hakugeuka. Magoti yalianza kuniuma. Jasho likaingia jichoni na sikuweza kulipangusa kwa sababu mikono ilikuwa safi. Kamkono kakachungulia, kakarudi. Nikafungua mdomo kunung'unika, nikafinywa kiunoni, nikaufunga. Kifua kile kilikuwa kinapanda na kushuka, kidogo, upesi, na bila kukusudia nikaanza kupumua kwa mwendo wake. Dakika ishirini zilipita, labda zaidi.

Halafu akajinyoosha. Mikono yote miwili, juu, wazi, kama mtu aliyechoka kulala. Nikabonyeza. Hapakuwa na sauti yoyote, nikadhani nimekosa.

"Umempata," Dada Mizani akanong'ona. "Mbili zaidi. Pole pole."

Tulipanda pamoja safari hii. Yule mama alikuwa amelazwa tena, macho mekundu, ameugeukia ukuta. Nilimwekea karatasi juu ya shuka. Akaitazama kwa jicho moja, kama mtu asiyetaka kuamini, kisha akajiinua kwa kiwiko. Akaweka ukucha wake juu ya kidole gumba cha mtoto. Moja. Akasogea. Mbili. Wagonjwa wengine wakanyanyua vichwa. Hata wauguzi walisimama na sahani zao. Alipofika tano akapumua, akahamia mkono wa pili, ule niliomyeyushia. Akahesabu polepole zaidi. Kumi. Akarudia tangu mwanzo. Kumi. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo wa chini, na machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona.

"Asante, kaka," akaniambia.

"Usinishukuru mimi," nikasema. "Mimi nimebonyeza tu. Kazi ni ya huyu dada. Ile ya kwanza, yenye kukuliza, hiyo ndiyo yangu." Nikamgeukia Sista. "Na mimi nimejitoa. Andika."

Mama yule akamtazama Dada Mizani. "Na miguu?" akauliza. "Miguu yake imefunikwa."

"Kesho asubuhi nakuletea miguu," Dada Mizani akajibu.

Alisema bila kufikiri, kisha nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amempa kesho. Mikono yake ikashika ukingo wa kitanda. Hakumtazama Sista. Sisi wengine wote tukamtazama.

Sista akamfunika mgonjwa wake shuka vizuri, akachomeka pembe chini ya godoro. "Umesikia, mama," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Kesho asubuhi, miguu. Sasa lala."

Kitanda cha dirishani mtu akainua mkono. "Na wangu je? Mimi nina siku ya tatu." Wa karibu naye akainua. Kutoka chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, sauti ikaita, "Na huku!"

Dada Mizani akatoa kitambaa, akajipangusa uso wote, akapenga kamasi bila aibu. Akafungua kikamera akaangalia chaji iliyobaki ndani yake. Akazunguka vitanda, akahesabu mikono iliyoinuliwa, humu na chumba cha pili. Kumi na mmoja.

"Dada, pumzika kwanza," Sista akamwambia. "Kazi inaanza Jumatatu. Kuna karatasi za kujaza."

"Karatasi nitajaza Jumatatu," akasema. "Mzinga! Betri mbili ziko dukani, droo ya chini kabisa. Na usisimame njiani kubishana na mtu."

Nikakimbia.